Soma Karatasi, Acha Kupima Mioyo

Ubishi ulianzia ndani ya treni, stesheni ya Tabora, wakati mabehewa yanapangwa upya, mengine yaende Mwanza na mengine Kigoma. Wauza asali walikuwa wakiinua chupa hadi madirishani. Mwalimu mmoja mstaafu, safari yake Urambo, alinunua mbili, akazizungushia gazeti, kisha akaanza kutusimulia habari za Kwihara, karibu na Tabora: jinsi Dokta Livingstone alivyokaa kwenye tembe lile mwaka 1872, na jinsi watu wake walivyopita tena hapo mwaka uliofuata wakiwa wamembeba maiti.

"Wanangu, ule ulikuwa upendo," alisema. "Watumishi waaminifu kama wale hawazaliwi tena."

Kijana aliyekaa mlangoni alicheka. "Upendo gani, mzee wangu? Ile ni kasumba. Mzungu kafa, mchimbie, shika njia yako."

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyekuwa amejilaza na kanga usoni, alijibu bila kuifunua: "Nyie nanyi! Watu walikuwa wanadai mishahara yao."

Kauli ya mwalimu ndiyo inayotawala. Imo vitabuni, imo kwenye mahubiri, imo midomoni mwa watu wema wasio na nia mbaya na yeyote. Za kijana na mama ni majibu yake tu: mmoja kaugeuza utumishi kuwa aibu, mwingine kaugeuza kuwa hesabu. Mimi nasema zote tatu zimepotea njia, na zimepotea mahali pamoja. Zinapima mioyo ya watu waliokufa zamani, ilhali watu hao walituachia karatasi. Moyo wa marehemu hausomeki. Karatasi inasomeka.

Karatasi yenyewe ni hii. Oktoba 1873, katika nchi ya Ukonongo, kusini-magharibi ya Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, msafara uliobeba maiti ya Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, katika Zambia ya leo, ulisimama kwenye mji wa mtemi mmoja. Habari zilikuwa zimewafikia njiani kwamba mtoto wa Livingstone amekuja Unyanyembe na Waingereza wenzake na mizigo. Wakamweka chini kijana wao ajuaye kuandika, Jacob Wainwright, akaandika mistari michache kwa Kiingereza. Chuma, ambaye pamoja na Susi alikuwa mkubwa wa msafara, akaichukua, akafuatana na watu watatu, wakatangulia mbio. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa mkononi mwa Luteni Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa Unyanyembe.

Jacob alieleza kwamba tangu Agosti wamesikia habari za safari ya huyo anayemwandikia kutoka Zanzibar. Akampa habari za msiba: baba yake amefariki kwa maradhi ng'ambo ya nchi ya Wabisa, na maiti wanayo. Akataja askari 10 waliopotea na wengine waliokufa. Akasema njaa inawabana, wanaomba nguo wanunulie chakula. Akauliza kama watakapoingia mjini wapige bunduki au wasipige, na kama ruhusa ipo, basi waletewe baruti. Akataja mahali alipoandikia, akaweka jina lake.

Kwa kawaida barua hii hutajwa kwa tabasamu. Msomaji wa Kiingereza anaona sarufi imeyumba, anaona watu wenye shida wanaomba nguo za kuvaa, anaona swali la kitoto kuhusu kufyatua baruti. Anaguswa, anaona huruma, anafunga kitabu. Hapo ndipo picha ya mtumishi mwaminifu inapozaliwa: mtu mnyoofu, mwenye machozi, asiye na akili ya kutosha kuwa na shauri lake mwenyewe.

Hebu tuisome upya, kwa masikio ya njia ile ya misafara.

Tuanze na nguo. Neno la Kiingereza alilochagua Jacob ni lile la mavazi, lakini yeye hakuwa akifikiri mavazi. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili, na katika Kiswahili cha msafara nguo ni fedha. Merikani, kaniki, shuka, doti, jora: hizo ndizo zilizokuwa noti za barabara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa mikono ya kitambaa, na hongo ya mtemi ilipimwa kwa doti. Basi barua haisemi tuko uchi, utuvike. Inasema fedha za msafara zimekwisha, wewe ndiye mwenye mali ya safari hii, toa gharama. Maombi ya namna hiyo hupelekwa kwa mlipaji, tena kwa kutaja matumizi: chakula cha askari. Katika ofisi yoyote leo ungeiita barua ya kuomba nyongeza ya bajeti, na hakuna ambaye angetokwa na chozi.

Tuje kwenye baruti. Msafara ulipokaribia mji mkubwa haukuingia kama kuku wanaorudi bandani. Watu walivaa vizuri, kirangozi akatangulia, bunduki zikapigwa hewani, mji ukajua nani anafika. Huo ulikuwa mlio wa heri na wa fahari. Sasa, msafara wenye maiti unaingiaje? Ukipiga bunduki, unatangaza heshima ya marehemu au unaonekana umefurahi? Usipopiga, umeonyesha huzuni au umeingia kama watoro? Tena Unyanyembe ya mwaka 1873 ilikuwa kwenye vita na mtemi Mirambo tangu 1871, na mlio wa bunduki nje ya mji wa namna hiyo si jambo la mchezo. Jacob na wenzake waliyaona hayo yote, na hawakutaka kukisia. Wakamuuliza mfiwa, kwa sababu msiba ni wake, namna ya kuuingiza mjini ni haki yake kusema. Mtu wa pwani au wa Unyamwezi anayelijua jambo hili hacheki. Anasema: hao walilelewa.

Na lile la kumwambia Cameron baba yake amekufa? Hapo ndipo wasomaji hupenda kucheka zaidi. Cameron mwenyewe ameeleza kwamba macho yalikuwa mabovu, homa imempanda, akaipeleka karatasi kwa mwenzake Dokta Dillon, naye yuko hoi vilevile, wakaisoma pamoja, wakaanza kujiuliza kama ni baba yao wenyewe aliyefariki. Chuma alipoitwa ndani ndipo mambo yakawanyookea. Lakini angalia kosa liko wapi. Barua iliandikwa kwa Oswell, mtoto wa Livingstone, ambaye kweli alifika pwani mwaka 1872 na msafara wa kumtafuta baba yake, kisha akarudi. Uvumi wa njiani ndio uliomrudisha bara. Kwa mtu aliyekusudiwa, hakuna maneno yaliyo sahihi kuliko yale. Siku ile mwandishi hakushindwa kuandika. Wasomaji walikuwa na homa. Na nionavyo mimi, tangu hapo tumekuwa tukiisoma barua hiyo kwa homa ya Cameron.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa mlangoni, maana hoja yake ina uzito kuliko anavyojua. Kwa nini hawakumchimbia palepale, wakashika njia?

Sehemu ya mwili waliichimbia. Moyo na matumbo yalizikwa chini ya mti kwa Chitambo, Jacob akasoma sala za maziko, kisha akachonga maandishi kwenye gome la mti: jina la marehemu, tarehe ya Mei 4, 1873, na majina ya wakubwa wa msafara. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga. Kazi hiyo si ya watu waliopagawa na huzuni. Ni kazi ya watu wenye kumbukumbu.

Kumbukumbu gani? Mwaka 1866 kundi la watu wa Nzwani, chini ya mtu aitwaye Musa, walimtoroka Livingstone, wakafika Zanzibar na hadithi kwamba ameuawa njiani. Mwaka uliofuata msafara ulitumwa kuchunguza, ikabainika ni uongo mtupu. Susi na Chuma walikuwamo kwenye safari ile ya 1866, hawakutoroka. Kama kuna watu waliojua thamani ya habari ya kifo inayoletwa mikono mitupu, ni hao wawili. Ukifika Zanzibar na kusema bwana kafa, swali la kwanza ni kama umemtoroka, na la pili kama umemuua. Maiti ilikuwa ushahidi. Vitabu vyake vya safari vilikuwa ushahidi. Na orodha ya mali iliyokutwa kwenye masanduku, ambayo Jacob aliiandika mbele ya wenzake mara baada ya kifo, kwenye kijitabu cha marehemu mwenyewe, ilikuwa ushahidi ambao mwanasheria yeyote angeupongeza. Mtu mwenye kasumba haandiki orodha ya mali ili ajilinde.

Na mama wa dagaa? Yeye yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wote, ila ameishia mlangoni. Ndiyo, walidai mishahara, na hakuna aibu katika hilo. Wanyamwezi walijenga sifa yao ya upagazi kwa kujua bei ya bega lao na kugoma ilipobidi. Lakini mshahara peke yake hauelezi yaliyotokea Kwihara. Msafara ulipofika, liwali Said bin Salim na wakubwa wa Waarabu wote walitoka kuipokea maiti kwa heshima. Cameron akashauri azikwe hapohapo. Kwa mtu anayetaka ujira wake tu, hiyo ilikuwa nafuu kubwa: ofisa wa Kizungu yupo, shahidi yupo, mzigo umetuliwa, hesabu ifungwe. Wao wakakataa. Cameron akachukua sehemu kubwa ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa safari yake mwenyewe, lakini maiti wakaishika wao, wakaendelea.

Kisha wakafika Kasekera. Dillon, ambaye sasa alikuwa akirudi nao pwani, akiwa katika mahangaiko ya homa alijiua huko kwa bunduki. Wenyeji wakasema maiti ile haipiti. Msafara ukafanya shauri usiku. Asubuhi watu kadhaa wakaonekana wamebeba jeneza la kitambaa wanarudi nalo Unyanyembe kuzika. Ndani mlikuwa na mabua ya mtama. Giza lilipoingia wakayatupa porini kidogo kidogo, wakawafuata wenzao kwa njia za pembeni. Maiti halisi ilikuwa imefungwa upya kwa umbo la mtumba wa biashara, ikapita mbele ya macho ya watu kama mtumba wowote. Nani aliwaagiza hayo? Hapakuwa na bwana wa kuwaagiza.

Hili ndilo linalonikera katika neno mtumishi. Mtumishi ana bwana. Msafara huu, kuanzia Chitambo hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, kuanzia Mei 1873 hadi Februari 1874, haukuwa na bwana. Siku ya kifo Susi na Chuma waliwakusanya wote, wakajadiliana, na watu wakawachagua hao wawili wawe wakubwa wao kwa sababu ya uzoefu wa safari. Farijala akapewa kazi ya kuupasua mwili kwa sababu aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar. Jacob akapewa kalamu. Halima, mpishi, alikuwamo, na wanawake wengine pia. Hiyo ni serikali ndogo inayotembea, na barua ya Ukonongo ndiyo waraka wake wa mambo ya nje.

Wapo watakaosema: basi sifa ni za Susi na Chuma, huyo Jacob alikuwa kalamu tu, tena kijana wa misheni mwenye majivuno. Hata mwandishi wa Zimbabwe Petina Gappah, katika riwaya yake ya mwaka 2019 kuhusu safari hii, alimpa Halima ulimi mkali na Jacob ulokole unaochosha. Riwaya ina uhuru wake, sina ugomvi nayo. Na ni kweli shauri halikuwa la Jacob peke yake. Barua yenyewe inazungumza kwa "sisi" mwanzo hadi mwisho. Lakini aliyewahi kuwa katibu wa kikao chochote, cha ukoo, cha ushirika, cha harusi, anajua kazi ilivyo. Watu 60 na zaidi wanasema, wanapingana, wanarudia, wana njaa. Mmoja lazima aamue lipi lianze na lipi lifuate. Jacob alianza na salamu ya kumtambua mtu, akafuatisha msiba, kisha hasara, kisha haja, kisha adabu ya kuingia, kisha mahali na jina. Barua za Kiswahili zilizopita njia hiyo kwa herufi za Kiarabu zilikwenda kwa mwendo unaofanana na huo, na mwisho wake aliyeshika kalamu alijitaja: katabahu fulani, ameiandika fulani. Jacob naye, mbele ya jina lake, aliweka neno moja la kujieleza. Alijiita mwandishi. Hakujiita mtumishi.

Na mwandishi huyu alikuwa mhamishwa kuliko wengi tunaowaita hivyo. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, akapelekwa India, akasomeshwa kwenye kituo cha misheni cha Nasik, karibu na Bombay, akapewa jina la watu wengine. Mwaka 1872 alirudishwa Zanzibar na kutumwa Unyanyembe na kundi la watu ambao msafiri Stanley alimpelekea Livingstone, wakafika Agosti. Alipoandika barua ile alikuwa na miezi kumi na minne tu tangu afike Unyanyembe, katika nchi ambayo kwa rangi ni yake na kwa maisha ni ugenini.

Sigmund Freud alipowasili London Juni 1938, akiwakimbia Wanazi, alikuwa mtu mashuhuri, na barua alizoandika huko uhamishoni zinasomwa na wasomi neno kwa neno. Nyumba yake ya mwisho ni makumbusho. Hakuna anayesema barua zile zinatufundisha uaminifu wa Freud kwa waliomkaribisha. Zinachukuliwa kuwa kazi ya akili iliyong'olewa mahali pake na bado inafanya kazi. Nataka Jacob apewe usomaji huohuo, si hisani. Ukisema Freud ni mwanafikra na Jacob siye, nitakuuliza unapimaje. Kama ni kwa wingi wa vitabu, nimeshindwa. Kama fikra ni kuona jambo gumu pande zake zote na kulipanga katika maneno machache yatakayofanya watu waamue, basi nionyeshe barua fupi ya karne ile, kwenye njia ile, iliyofanya zaidi.

Kilichomkuta Jacob baadaye kinaonyesha tulivyoizoea dharau hii. Alikuwa peke yake kati ya wale wabebaji aliyesafiri na maiti hadi Uingereza, na Aprili 18, 1874 alikuwa miongoni mwa wasindikizaji wanane wa jeneza ndani ya Westminster Abbey. Susi na Chuma waliletwa baadaye, maziko yamekwisha. Shajara aliyoiandika ya safari ile ilichapishwa Ujerumani mwaka huohuo, kwa Kijerumani. Mwandiko wenyewe umehifadhiwa Blantyre, Scotland, alikozaliwa Livingstone, na picha zake zikawekwa mtandaoni mwaka 2019. Miaka 145 baada ya kuandikwa! Kwa muda wote huo tulikuwa tukiwahurumia watumishi waaminifu, na maneno yao yapo kabatini.

Kwa hiyo sitaki sanamu, na sitaki siku ya kuwakumbuka. Nataka barua ya Ukonongo ichapishwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, isomwe katika shule za Tabora kama mfano wa uandishi wa barua rasmi. Mwanafunzi aulizwe: mwandishi anaomba nini, kwa nani, kwa hoja gani? Kwa nini msiba umetangulia njaa? Kwa nini ameuliza kuhusu bunduki? Akijibu hayo, hatahitaji kuambiwa kama Jacob alimpenda Livingstone au hakumpenda. Huenda alimpenda. Si kazi yetu.

Niliyasema haya, kwa urefu kupita adabu, hadi treni ilipoanza kupunguza mwendo kuingia Urambo. Kijana alikuwa amesinzia. Mama wa dagaa alisema tu kwamba nguo kuwa pesa yeye analijua, bibi yake alikuwa akisema hivyo. Mwalimu alisimama na chupa zake za asali.

"Na huyo Jacob wako aliishia wapi?"

"Unaposhukia, mwalimu. Alikuwa na wamisionari waliokaa kwenye mji wa Mirambo. Alifia Urambo mwaka 1892."

Alinitazama kama mtu aliyedanganywa na jirani yake. Amezaliwa Urambo, amefundisha historia huko maisha yake yote. Akatoa daftari dogo mfukoni na kalamu, akanikabidhi dirishani akiwa tayari yuko chini.

"Andika jina lake. Na kazi yake."

Niliandika yote mawili.